"Kubali yaishe": ushauri wa mzazi unaoweza kumfunga mtoto

Wazazi wengi wa Gando na vijiji jirani vya Wilaya ya Wete, wakipata habari kwamba kijana wao amekamatwa, hufanya moja kati ya mambo matatu. Wapo wanaokwenda mbio kwa sheha. Wapo wanaotafuta jamaa anayemjua askari. Na wapo, tena si wachache, wanaofika kituoni na kumwambia mtoto kwa uchungu: "Mwanangu, kubali tu yaishe, turudi nyumbani."

Maneno hayo hutoka kwenye mapenzi. Mzazi hataki mwanawe alale rumande wala jina la familia litajwe kila baraza. Isitoshe, anaamini kukiri ni sawa na kuomba radhi: ukisema nimekosa, mkubwa husamehe. Watoto wa Kipemba hulelewa hivyo, na ni malezi mazuri. Tatizo ni kwamba kituo cha polisi na mahkama haviendeshwi kwa taratibu za nyumbani, na neno lililosemwa ili mambo yaishe ndilo linaloweza kuyaanzisha.

Asidhani mtu kwamba haya ni ya watoto watukutu peke yao. Msimu wa karafuu ukifika, vijana huingia mashambani kuokota mpeta. Mwenye shamba mmoja huona ni mazoea ya miaka yote, mwengine huona ni wizi. Pwani, kijana anayepewa fedha kidogo kubeba magunia usiku kwenye bandari bubu anaweza kujikuta katika kesi ya magendo, kwa sababu karafuu za Zanzibar hutakiwa kuuzwa kwa Shirika la Taifa la Biashara, ZSTC. Ipo simu iliyonunuliwa kwa bei ya kutupa, kumbe ya wizi. Ipo bangi iliyokutwa kwenye mfuko wa mwenzake waliyepanda naye pikipiki moja. Yapo pia mapenzi ya vijana wa skuli, ambayo mvulana huyaita urafiki na sheria huyaita kosa zito, kwa kuwa msichana aliye chini ya miaka 18 hahesabiwi kuwa ameridhia.

Kukiri si kuomba radhi

Mtu akifikishwa mahkamani husomewa shtaka na kuulizwa kama ni kweli au si kweli. Akisema si kweli, mzigo wote unakuwa kwa upande wa mashtaka: walete mashahidi na vielelezo, wathibitishe mpaka pasibaki shaka ya msingi. Mshtakiwa hana wajibu wa kuthibitisha kwamba hakutenda. Katiba ya Zanzibar ya 1984, kama ilivyo Katiba ya Jamhuri ya Muungano, inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mkosa kabla kosa lake halijathibitishwa.

Akisema ni kweli, mambo huenda haraka. Mwendesha mashtaka husoma maelezo ya tukio, mshtakiwa huulizwa kama anayakubali, na akiyakubali mahkama inaweza kumtia hatiani siku hiyo hiyo bila ya kusikiliza shahidi hata mmoja. Mlango wa rufaa nao humbana. Aliyekutwa na hatia baada ya kukana anaweza kupinga hukumu yote mbele ya mahkama ya juu. Aliyekiri mwenyewe kwa kawaida hubakiwa na nafasi ya kulalamikia adhabu tu, kama ni kubwa mno au haikufuata sheria.

Upo ulinzi mmoja ambao wazazi wengi hawaujui. Kukiri lazima kuwe kamili, bila kona. Kijana akijibu, "Ni kweli nilizichukua, lakini mwenyewe aliniruhusu," huko si kukiri wizi, na mahkama inatakiwa kumwandika kuwa amekana. Neno "lakini" linaweza kumwokoa. Kijana aliyekuja na agizo la baba kwamba akubali yaishe hatalitamka.

Hatari huanza hata kabla ya hapo, kwenye karatasi ya maelezo ya polisi. Kijana huhojiwa, maneno yake huandikwa, kisha hutakiwa kutia saini. Karatasi ile inaweza kurudi mahkamani miezi mingi baadaye kama ushahidi dhidi yake. Maelezo yaliyotolewa kwa kipigo, kwa vitisho au kwa ahadi ya kuachiwa yanaweza kupingwa, lakini lazima awepo wa kuyapinga, na apinge wakati karatasi inataka kupokelewa, si baada ya hukumu. Kijana wa miaka 16 aliyesimama peke yake kizimbani hajui hata kwamba anaweza kunyanyua mkono.

Watoto hukiri yasiyo yao

Wapo watakaouliza: kama hakufanya, kwa nini akiri? Jibu lipo katika kesi moja ya Marekani inayojulikana duniani kote. Mwaka 1989 vijana watano wa mjini New York, wenye umri wa miaka 14 hadi 16, walikamatwa kwa tuhuma za kumshambulia na kumbaka mwanamke aliyekuwa akikimbia mazoezi katika bustani ya Central Park. Baada ya kuhojiwa kwa saa nyingi, wanne kati yao walirekodiwa kwa video wakikiri. Wote watano walitiwa hatiani. Mwaka 2002 mtu mwengine alikiri kuwa ndiye mhusika, vipimo vya vinasaba vikamthibitisha, na hukumu za vijana wale zikafutwa. Mkubwa wao, Korey Wise, alikuwa ameshamaliza miaka kama 12 kifungoni.

Lililo muhimu kwa mzazi wa Gando ni maelezo ya mmoja wao, Antron McCray, ambaye alikuwa na miaka 15. Amesimulia hadharani kwamba baba yake, aliyekuwepo pale kituoni, ndiye aliyemwambia awaeleze polisi wanachotaka ili arudi nyumbani. Baba alidhani anamwokoa mwanawe.

Wataalamu wa afya ya ubongo wana maelezo yao. Sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo kazi yake ni kupima matokeo ya mbali, huendelea kukomaa mpaka mtu anapopindukia miaka 20. Kijana mwenye njaa, usingizi na woga hupima jambo moja tu: namna ya kutoka ndani ya chumba kile usiku huu. Kifungo cha miaka ijayo hakimo katika hesabu zake. Ndiyo maana sheria za watoto katika nchi nyingi zinataka mtu mzima anayemtakia mema akae naye wakati wa mahojiano. Mtu mzima huyo hana kazi ya kumharakisha akiri. Yupo ili mtoto asisukumwe.

Nani ni nani

Mkanganyiko mwengine ni kutojua kila mlango una mamlaka gani. Jeshi la Polisi ni la Muungano. Mashtaka, mahkama na Vyuo vya Mafunzo, ambavyo Tanzania Bara huitwa magereza, ni vya Zanzibar. Polisi hukamata na kupeleleza. Uamuzi wa kushtaki au kuacha upo kwa Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Zanzibar. Hatia na adhabu ni kazi ya mahkama, kuanzia ya mwanzo, ya wilaya, ya mkoa, mpaka Mahkama Kuu, na juu yake Mahkama ya Rufani ya Tanzania.

Sheha si hakimu. Anaweza kupatanisha majirani, na barua yake hutakiwa mara nyingi wakati wa dhamana, lakini hana uwezo wa kumtia mtu hatiani wala kumfutia kesi iliyokwisha kufunguliwa. Kadhi naye hushughulikia ndoa, talaka, mirathi na malezi ya watoto kwa Waislamu. Kesi ya wizi haiendi kwake.

Raia wa kawaida anaweza kumkamata mtu anayemwona akitenda kosa, lakini wajibu wake ni kumkabidhi polisi bila kuchelewa. Kumfunga kijana kwenye mkarafuu na kumpiga ni kosa jengine, na mwenye shamba anaweza kujikuta yeye ndiye mshtakiwa.

Saa 24 za mwanzo

Mtu aliyekamatwa ana haki ya kuambiwa sababu ya kukamatwa kwake, kwa lugha anayoifahamu. Ana haki ya kunyamaza mpaka apate ushauri. Kunyamaza si ujeuri. Ana haki ya kuwasiliana na jamaa na wakili. Hairuhusiwi kumpiga wala kumdhalilisha, hata kama tuhuma ni nzito kiasi gani. Utaratibu wa jumla unataka afikishwe mahkamani ndani ya saa 24 au aachiwe kwa dhamana, isipokuwa kwa makosa ambayo sheria imeyazuilia dhamana, kama mauaji na uhaini.

Dhamana haiuzwi. Mdhamini hutia saini ahadi ya kumleta mtuhumiwa anapotakiwa, na ahadi hiyo inaweza kutajiwa kiwango cha fedha kitakachodaiwa kama mtuhumiwa atakimbia. Hiyo si ada ya kumtoa ndani. Mahkamani mara nyingi wadhamini hutakiwa kuwa na kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi na barua ya sheha. Mahkama ikiagiza fedha taslimu, hulipwa kwa risiti. Fedha inayoombwa pembeni bila karatasi si dhamana.

Kwa aliye chini ya miaka 18, Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya mwaka 2011, inaongeza ulinzi. Mzazi au mlezi lazima ajulishwe. Kumweka mtoto kizuizini kuwe hatua ya mwisho na kwa muda mfupi kadiri inavyowezekana, naye asichanganywe na watu wazima. Kesi yake husikilizwa na Mahkama ya Watoto, mbele ya wahusika tu, na maofisa wa ustawi wa jamii hutoa taarifa kuhusu maisha yake nyumbani na skuli. Taarifa hiyo ina uzito katika uamuzi wa nini kifanywe naye, kwa hivyo mzazi asimfukuze afisa huyo mlangoni kwa kudhani ni mpelelezi.

Ulinzi wote huu unategemea jambo dogo: kuthibitisha umri. Kijana mrefu mwenye ndevu chache huandikwa miaka 19 kwa kukisiwa, akapelekwa kunako wakubwa. Cheti cha kuzaliwa ndicho kinachomaliza ubishi. Kisipokuwepo, kadi ya kliniki aliyopimiwa uzito akiwa mchanga na kumbukumbu za skuli zinaweza kusaidia. Familia ambazo bado hazijamsajili mtoto zina sababu nyengine ya kufanya hivyo mapema.

Dawa zimfuate alipo

Jambo linalosahauliwa kabisa katika pirika za kituoni ni afya. Kijana mwenye kifafa akikosa dawa kwa siku moja au mbili anaweza kupata degedege mfululizo, na hiyo ni dharura inayoweza kuua. Mwenye pumu akilala kwenye chumba chenye vumbi na hewa nzito bila ya kifaa chake cha kuvuta dawa yumo hatarini. Mwenye siko seli akikosa maji na kupata baridi huweza kushikwa na maumivu makali usiku huo huo. Mwenye kisukari anayetumia insulini hawezi kusubiri mpaka Jumatatu. Anayetumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI au za kifua kikuu akikatisha hujenga usugu wa maradhi.

Mzazi anapofika kituoni, la kwanza kumwambia askari wa zamu liwe hili: mtoto ana maradhi gani, anatumia dawa gani, saa ngapi. Aombe liandikwe kwenye kitabu cha kumbukumbu za kituo. Apeleke dawa zikiwa ndani ya pakiti yake, pamoja na cheti cha hospitali. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu watu walio kizuizini, zilizopitishwa upya mwaka 2015 na kupewa jina la Nelson Mandela, zinasema wazi kwamba aliyefungwa anastahiki matibabu ya kiwango kile kile cha walio nje. Kifungo kinamnyima mtu uhuru. Hakimnyimi dawa.

Kama kijana ana majeraha, yawe ya kupigwa na watu waliomkamata au yaliyopatikana akiwa mikononi mwa askari, aombewe kupelekwa hospitali na kupewa fomu ya polisi ya matibabu, PF3. Daktari huandika alichokiona: jeraha lipo wapi, kubwa kiasi gani, la zamani au jipya. Michubuko hupotea ndani ya wiki moja au mbili. Kilichoandikwa siku hiyo ndicho kitakachobaki. Baadaye, anapofikishwa mbele ya hakimu, kijana ana nafasi ya kusema kwamba alipigwa na kuonyesha alama. Aseme siku ya kwanza. Malalamiko yanayotolewa miezi sita baadaye hupata wasikilizaji wachache.

Msichana aliyekamatwa ana mahitaji yake: apekuliwe na askari mwanamke, alale mbali na wanaume, apate pedi na maji ya kutosha. Mjamzito na anayenyonyesha waelezwe mapema. Familia isiiache hali ya akili pia. Kijana anayekataa kula, asiyelala, au anayesema bora afe kuliko aibu hii, haigizi. Azungumziwe kwa upole na daktari ajulishwe.

Wakili yuko wapi?

Suala la nani asimame na mshtakiwa lina historia yake Zanzibar. Wazee wanakumbuka Mahkama za Wananchi za miaka ya 1970, ambako mawakili hawakuruhusiwa. Katika kesi ya uhaini iliyofuatia kuuawa kwa Rais Abeid Amani Karume Aprili 7, 1972, Mwanasheria Mkuu Wolfgang Dourado ndiye aliyeshtaki, na huyo huyo ndiye aliyewekwa kuwasemea washtakiwa. Kesi ile iliendeshwa mwaka 1973 na kumalizika 1974, na hukumu za kifo zilikuwemo. Katiba ya 1984 ikaingiza sura ya haki za binadamu, na mawakili wakarejea mahkamani.

Kurejea kwa mawakili hakukumaanisha kila mtu anaweza kumlipa mmoja. Kwa muda mrefu wakili wa gharama za Serikali alipatikana zaidi kwa wanaoshtakiwa mauaji. Aliyeshtakiwa wizi au kujeruhi, makosa yanayojaza kumbi za mahkama, alijitetea mwenyewe. Hali hiyo ilikuwepo Tanzania Bara pia, na mtu mmoja aliifikisha mbali. Alex Thomas alihukumiwa kifungo cha miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha bila kuwa na wakili. Akapeleka malalamiko Mahkama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu yenye makao yake Arusha. Novemba 20, 2015 mahkama hiyo iliamua kwamba Tanzania ilivunja haki yake ya kusikilizwa kwa usawa, na kati ya sababu zilizotajwa ni kutopewa msaada wa kisheria bila malipo katika kosa lenye adhabu kubwa kiasi kile.

Tanzania Bara ilipitisha Sheria ya Msaada wa Kisheria mwaka 2017, na Zanzibar ikapitisha ya kwake, Namba 13, mwaka 2018. Sheria ya Zanzibar inawatambua watoa msaada wa kisheria, wakiwemo wasaidizi wa sheria waliopo vijijini, na inataka huduma hiyo kwa asiyekuwa na uwezo iwe bure. Ipo Idara ya Serikali inayosimamia jambo hili. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, kilichoanzishwa mwaka 1992, kina ofisi Chake Chake na kimefundisha wasaidizi wa sheria katika majimbo ya Unguja na Pemba. Jumuiya ya Wanasheria Wanawake Zanzibar, ZAFELA, nayo husaidia kesi za wanawake na watoto.

Msaidizi wa sheria si wakili na hasimami mahkamani kumtetea mtu. Kazi yake ni kuieleza familia shtaka maana yake nini, kumfuata askari wa zamu na kuuliza kwa nini saa 24 zimepita, kuandika barua, na kuipeleka kesi kwa wakili inapobidi. Malawi walianza mwaka 2000 kuwaingiza wasaidizi wa namna hiyo magerezani na vituo vya polisi, na mfano wao ukaigwa na nchi nyengine za Afrika. Mwaka 2004 mkutano uliofanyika Lilongwe ukatoa tamko lililohimiza Afrika isiwasubiri mawakili peke yao, kwa sababu mawakili ni wachache na wanakaa mijini. Kwa Pemba, ambako mawakili wengi wa Zanzibar wako ng'ambo ya pili, mjini Unguja, hoja hiyo ina mashiko.

Na aliyeonewa je?

Mzazi ambaye mwanawe ndiye aliyeibiwa, aliyepigwa au aliyedhalilishwa anaweza kuchukia kusikia haki za mtuhumiwa. Ana sababu ya kuchukia, lakini hasara ya kuziruka haki hizo humrudia yeye. Kesi iliyojengwa juu ya maelezo yaliyopatikana kwa kipigo huanguka, na mkosa wa kweli hutoka akicheka. Kesi iliyojengwa juu ya vipimo vilivyochukuliwa mapema, mashahidi waliofika mahkamani na utaratibu uliofuatwa ni vigumu kuibomoa.

Kwa kesi za udhalilishaji, mtoto apelekwe hospitali haraka kabla ya kuoga na kubadilishwa nguo. Vituo vya Mkono kwa Mkono vilivyomo hospitalini vinakutanisha daktari, polisi na ustawi wa jamii mahali pamoja. Namba 116 ni ya simu kwa mtoto na haina malipo. Lisilofaa ni sulhu ya familia mbili jioni sebuleni, ambapo fedha hubadilishana mikono na mtoto hakuulizwa. Ugomvi mdogo wa majirani unaweza kupatanishwa. Udhalilishaji wa mtoto ni kesi ya jinai, si deni la kulipana.

Picha za kwenye simu

Siku hizi kijana hukamatwa saa nane mchana na saa tisa picha yake imeshafika Dubai. Sheria ya Mtoto inalinda utambulisho wa mtoto aliye kwenye kesi, awe mtuhumiwa au aliyeonewa: jina, sura, skuli. Anayeisambaza picha kwenye kundi la WhatsApp la kijiji anaweza kudhani anatoa habari, lakini anahukumu kabla ya hakimu na anaweza kuharibu hata ushahidi wa shahidi aliyetakiwa kumtambua mtu huyo polisi. Mtoto akiachiwa kwa kuonekana hana hatia, hakuna anayezunguka kuzifuta zile picha.

Ya kuweka tayari nyumbani

Hakuna anayepanga mwanawe akamatwe, kama ambavyo hakuna anayepanga kuugua. Haya yanaweza kufanywa wiki hii, bila gharama kubwa:

1. Cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto kiwekwe mahali panapojulikana, na nakala yake ipigwe picha kwenye simu.

2. Aliye na maradhi ya kudumu awe na karatasi ndogo yenye jina la ugonjwa, dawa na saa za kuitumia.

3. Wazazi wote wawili wamjue msaidizi wa sheria wa jimbo lao na wawe na namba yake. Sheha anaweza kuwaelekeza.

4. Kijana afundishwe maneno machache ya adabu: "Afande, naomba mzazi wangu aje ndipo niseme." Ayatamke bila kukimbia na bila kutukana.

5. Mzazi akifika kituoni, aulize kwa utulivu jina la askari wa kesi, kosa linalotajwa na saa ya kukamatwa, kisha aandike.

6. Asitie saini, wala mtoto asitie, karatasi ambayo haijasomwa yote kwa sauti na kueleweka. Penye kosa parekebishwe kwanza.

7. Tarehe za mahkama zisikoswe hata moja. Kukosa tarehe moja kunaweza kuvunja dhamana iliyopatikana kwa taabu.

Ikiwa mtoto kweli amekosa, bado anahitaji mtu wa kumsemea. Mtetezi haji kuficha kosa. Anaeleza umri wake, maisha yake, kilichomsukuma na utayari wake wa kurekebisha, ili adhabu iwe ya kumjenga. Ikiwa hakukosa, mtetezi ndiye atakayesema neno "lakini" ambalo mtoto mwenyewe ameogopa kulisema. Kwa hali zote mbili, mzazi anayefika kituoni na kumwambia mwanawe, "Nimekuja, tulia, usiseme usilolijua," amemsaidia kuliko anayemwambia akubali yaishe.